Kimathi Alikuwa Katibu Kabla ya Kuwa Jemadari

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Nchi yetu imejaa majina ya mashujaa. Yako barabarani, yako shuleni, yako vyuoni, yako hata kwenye viwanja vya michezo. Hata hivyo, nionavyo mimi, jina likishapakwa rangi juu ya mlango, aghalabu huo ndio huwa mwisho wa kumkumbuka mwenyewe. Watu hulitamka wakiteremka kwenye matatu, hulitaja wakielekezana dukani, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza huyo aliyeitwa hivyo alizaliwa wapi, alifanya nini, na kwa nini alikufa.

Ninayaandika haya kwa sababu nina rai ambayo ningependa wasomaji wa safu hii, hususan wenzangu wa Tana River, waipime. Natoa rai kwamba mjini Garsen ifunguliwe nyumba ya wapiganaji wastaafu. Iwe ni mahali ambapo mzee aliyewekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, mwanajeshi aliyestaafu, mjane na yatima wa aliyeanguka vitani, wote watapata kiti, kivuli, na mtu wa kuwaandikia barua. Naipendekeza Garsen kwa sababu ndiko njia zinakokutana: ile itokayo Malindi, ile iendayo Lamu, na ile ipandayo Hola hadi Garissa. Na naomba nyumba hiyo ipewe jina la Dedan Kimathi.

Najua swali litakalofuata. Kimathi alikuwa mtu wa Nyeri, mtu wa mlimani na baridi. Ana uhusiano gani na sisi wa huku chini, watu wa miembe, mpunga na ng'ombe? Swali hilo ni la haki na halifai kujibiwa kwa hamaki. Jibu la kwanza linapita mbele ya macho yetu kila siku. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri kilomita zipatazo 1,000 hadi kuingia baharini Kipini. Vijito vya Nyandarua ambavyo Kimathi na wenzake waliteka maji wakiwa mafichoni ndivyo vilishavyo mto huu. Maji yale yale yaliyomnywesha msituni yalipita hapa Garsen siku chache baadaye. Jibu la pili ni zito zaidi, nalo liko Hola. Nitalifikia, lakini kwanza turuhusiane kumjua mtu huyu, kwani si busara kuliandika jina mlangoni kabla ya kumjua mwenyewe.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thege, Tetu, wilayani Nyeri. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, hivyo akalelewa na mama yake, Waibuthi, katika ufukara uliokuwa wa kawaida kwa jamaa za Waafrika waliokuwa wakibanwa na walowezi huku na serikali kule. Shule aliianza akiwa kijana wa miaka 15 hivi, umri ambao leo tungesema amechelewa mno. Karo ilikuwa shida. Ili kuipata, kijana huyu aliingia msituni kuokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Ni jambo la kutafakari kwamba msitu uliokuja kumficha baadaye ulianza kwa kumsomesha. Alikuwa mwepesi wa lugha, mpenda mijadala na mshairi, na alipofika shule ya wamishonari wa Kiskoti ya Tumutumu alijulikana kwa akili na vilevile kwa ukaidi. Hakuyamaliza masomo yake. Fedha zilimwishia, na nidhamu ya shule ilimshinda.

Mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alijiunga na jeshi la Waingereza. Hakukaa, aliondolewa baada ya muda mfupi kwa madai ya ulevi na ugomvi. Baada ya hapo alihangaika na kazi za kila namna. Alilisha nguruwe wa mlowezi, alikuwa karani katika shughuli za maziwa, alifundisha katika shule ile ile ya Tumutumu hadi akafukuzwa. Mtu akiyasoma maisha yake hadi hapo bila kujua yaliyofuata, angedhani ni kijana mwingine tu aliyeshindwa na dunia. Lakini katika kazi zile zote kuna kitu kimoja ambacho hakikumtoka, nacho ni kalamu.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kimathi hakuingia siasa kwa mlango wa bunduki. Aliingia kwa mlango wa tawi. Baada ya vita alijiunga na chama cha Kenya African Union, yaani KAU, na kufikia mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama hicho huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo unaitwa Nyahururu. Katibu wa tawi ni mtu gani? Ni yule anayeita mkutano, anayeandika nani amefika na nani amelipa ada, anayehifadhi daftari na kulifunga vizuri lisiingie mvua. Ni kazi isiyo na sifa, na ndiyo kazi iliyomfanya Kimathi ajulikane na watu wa Bonde la Ufa kabla hajajulikana na polisi. Kadhalika alikuwa akisimamia viapo vya siri vya umoja, na kwa sababu hiyo alikamatwa mwaka huo huo, akatoroka kwa msaada wa askari Waafrika waliokuwa upande wake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Viongozi wa KAU wakatiwa mbaroni, Jomo Kenyatta akiwa wa kwanza miongoni mwao, na maelfu ya vijana wakakimbilia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kimathi alikuwa mmoja wao. Msituni hakukuwa na jeshi moja. Kulikuwa na makundi mengi, kila kundi na mkubwa wake, kila mkubwa na kijiji alichotoka. Wengine walikuwa askari waliopigana Burma na kujua vita kuliko yeye. Kimathi, aliyekuwa jeshini kwa muda mfupi tu, aliwazidi kwa jambo jingine. Alijua kuwa kundi lisilo na kanuni, orodha wala mkutano huishia kuwa genge.

Kwa hivyo, Agosti 1953, katika mkutano mkubwa uliofanyika Mwathe ndani ya Nyandarua, liliundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, naye akachaguliwa kuliongoza. Majeshi yaligawanywa na kupewa majina, vyeo vikatolewa, sheria zikaandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 1954 wakaunda chombo walichokiita Bunge la Kenya, Kimathi akiwa Waziri Mkuu wake. Msomaji anaweza kutabasamu: bunge chini ya mianzi, waziri mkuu mwenye koti la ngozi ya chui! Lakini wale watu hawakuwa wakifanya mchezo. Walikuwa wakisema kwa vitendo kwamba hawapiganii mashamba tu bali wanapigania serikali, na kwamba serikali huanza na daftari. Kimathi aliandika barua kwa magavana, kwa magazeti na kwa makamanda wake. Aliamuru vita viandikwe: nani alikufa, wapi, lini, akitoka kijiji gani. Hati nyingi zilitekwa na wanajeshi wa Uingereza, na sehemu yake ikaja kuchapishwa kitabuni katika miaka ya 1980.

Sitaki kumpaka mafuta. Maisha ya mtu husimuliwa yote ama hayasimuliwi. Kalamu ile ile iliyowaunganisha wapiganaji ndiyo pia iliyowatenganisha. Wapo waliomwona kuwa msomi mwenye majivuno, asiyewasikiliza wasiojua kusoma. Stanley Mathenge, aliyekuwa kiongozi mwenye heshima kubwa na asiye na elimu ya shule, alijitenga naye, na kufikia mwaka 1955 wafuasi wa Mathenge walikuwa na chombo chao, Kenya Riigi. Mgawanyiko huo uliwadhoofisha wote wawili. Aidha, kadiri mabomu na njaa vilivyozidi, ndivyo Kimathi alivyozidi kuwashuku waliomzunguka. Wapo wenzake waliouawa kwa amri yake. Jamaa zao wana haki ya kukumbuka hivyo, na nyumba yoyote itakayobeba jina lake haina budi kuwa na nafasi ya kumbukumbu hiyo pia.

Kufikia mwaka 1956 msitu ulikuwa umezingirwa. Vijiji vilikuwa vimehamishwa kwa nguvu na kuzungushiwa handaki, chakula hakikutoka tena kwa akina mama, na waliokuwa wapiganaji walisalimu amri na kurudi msituni wakiwa upande wa serikali, wakiongozwa na afisa wa polisi Ian Henderson, kumsaka mkuu wao wa zamani. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na alikozaliwa, Tetu. Aliyempiga risasi alikuwa Mwafrika, askari wa polisi wa kikabila, Mkikuyu kama yeye. Hilo nalo tulikumbuke. Vita vya Mau Mau vilikuwa vita dhidi ya mkoloni, na wakati huo huo vilikuwa vita vya ndugu.

Walimpeleka hospitalini Nyeri, wakamtibu jeraha, kisha wakamfikisha mahakamani Novemba mwaka huo huo mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Wengi hudhani alishtakiwa kwa mauaji ama kwa uasi. La. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya kanuni za hali ya hatari adhabu yake ilikuwa kifo. Rufaa zake zilitupiliwa mbali. Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa humo humo gerezani pasipo alama. Mkewe, Mukami Kimathi, ambaye naye aliwahi kufungwa, alidai mwili huo kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe.

Sasa tuteremke na mto, maana jibu la pili nililoahidi liko huku kwetu. Miaka miwili baada ya Kimathi kunyongwa, wakati serikali ya kikoloni ikitangaza kuwa vita vimekwisha, palibaki wafungwa waliokataa katakata kuungama ama kufanya kazi ya kulazimishwa. Wengi wao walikusanywa Hola, mahali palipochaguliwa kwa joto lake na umbali wake, ambako serikali ilitaka jasho lao lichimbe mifereji ya mradi wa unyunyizaji maji. Mpango ulibuniwa wa kuwalazimisha kufanya kazi kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 walitolewa nje, na walipokataa wakapigwa marungu na walinzi kwa saa kadhaa. Watu 11 walikufa. Makumi ya wengine waliachwa na majeraha.

Kisha ikaja habari rasmi. Serikali ilitangaza kuwa watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Yaani mto wetu, ama mkokoteni uliobeba maji yake, ndio uliolaumiwa! Uchunguzi wa vifo ulipofanywa ulionyesha kuwa wamekufa kwa mapigo. Mambo yalipofika katika Bunge la Uingereza mnamo Julai 1959, hata wabunge wa chama tawala walisimama kuishutumu serikali yao. Hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo hivyo. Lakini baada ya Hola ukoloni ulipoteza ulimi wa kujitetea. Kambi zilifungwa haraka, hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960, na mwezi huo huo mazungumzo ya katiba yakaanza Lancaster House. Mji wenyewe ulibadilishwa jina, ukaitwa Galole kwa muda, kana kwamba jina jipya lingefunika makaburi.

Hebu tuyaweke mambo haya mawili pamoja: mtu aliyeamuru kila kifo kiandikwe kwa ukweli, na serikali iliyoandika kuwa marungu ni maji. Nionavyo mimi, hapo ndipo ilipo maana ya kuliweka jina la Kimathi kando ya Tana. Vita vile vilikuwa pia vita vya daftari. Nani ataandika, na kitakachoandikwa kitakuwa kweli?

Cha kusikitisha ni kwamba daftari hilo lilibaki limefungwa hata baada ya bendera yetu kupandishwa. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Mau Mau mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, wazee waliopigana hawakuweza kisheria kuunda chama chenye jina la vita vyao. Ni mwaka huo wa 2003 ndipo chama cha maveterani wa Mau Mau kilipopata kusajiliwa. Wangapi walikuwa wamekwisha kuingia kaburini? Kimathi mwenyewe alipata barabara jijini Nairobi, kisha sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Ni sanamu nzuri. Mkono mmoja umeshika bunduki, mwingine kisu. Kalamu haimo.

Msomaji akitaka kujua hasara ya kutokuwa na kumbukumbu, na akumbuke kisa cha mwaka 2003 huo huo. Serikali ilimleta Nairobi mzee kutoka Ethiopia, akapokewa kwa shangwe na heshima zote za shujaa kwa kuwa ilisemekana yeye ndiye Stanley Mathenge, aliyepotea tangu mwaka 1955. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa siye. Mzee wa watu akarudi kwao, na taifa likaona haya. Taifa lisiloweka orodha ya watoto wake huweza kuuziwa mgeni kuwa ndugu.

Kinyume chake, tazameni kilichotendeka pale karatasi zilipopatikana. Wazee wachache walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009, madai yao yalipata nguvu hasa pale ilipofichuka mwaka 2011 kwamba faili zipatazo 1,500 zilisafirishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru na kufichwa huko Uingereza. Mmoja wa walalamishi hao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa ameponea chupuchupu Hola, baada ya kupigwa hadi kuzimia na kulazwa pamoja na maiti. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Fedha hizo zikigawanywa si nyingi kwa mtu aliyepoteza ujana wake. Lakini fikirini ni wangapi hawakupata hata hizo kwa kuwa hawakuwa na barua wala shahidi, wala jina lao halikuwa katika orodha yoyote.

Nyumba ninayoisemea, basi, si mahali pa kunywea chai tu na kuvaa medali siku ya Mashujaa. Kazi yake ya kwanza iwe daftari. Aketi humo kijana mmoja aliyesoma, mwenye subira, amsikilize kila mzee ajaye kutoka Hola, Wenje, Ngao, Kipini na Witu. Aandike alikuwa wapi, na nani, mwaka gani, na nani hakurudi. Majina ya wale 11 wa Hola yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la mlangoni, maana Kimathi ana barabara na sanamu, wao wana nini? Kazi ya pili iwe ni kuwasaidia walio hai: karatasi za hospitali, malipo ya uzeeni, barua ya mjane ambaye hajui aanzie afisi gani. Kazi ya tatu iwe ni kuwafungulia watoto wa shule mlango, wasikie kabla masimulizi hayajazikwa pamoja na wenyewe.

Lakini sitakuwa mkweli nikinyamazia pingamizi. La kwanza ni ardhi. Huku kwetu ardhi ni kidonda kibichi. Mpokomo analima kandokando ya mto, Muorma na Mwardei wanahitaji njia ya kuwapeleka mifugo majini, na kila kibao kipya kinachosimamishwa na mgeni hutazamwa kwa jicho la shaka: je, huyu naye amekuja kuchukua? Tusisahau kuwa kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, wengine wakiwa wanawake na watoto. Jina la Kimathi likija kama bendera ya kabila fulani inayochomekwa katika ardhi ya wengine, mimi nitakuwa wa kwanza kulikataa. Ndiyo sababu nasema nyumba hii isianzishwe na watu wa Nairobi wala wa Nyeri. Ianzishwe na wazee wa hapa hapa, Wagasa wa Wapokomo na Matadeda wa Waorma wakiwa katika kikao kimoja, katika kiwanja cha umma ambacho hakuna anayekigombania, na kamati yake iwe na sura za watu wote wa mto.

Pingamizi la pili ni la wanajeshi wenyewe. Tana ina historia ndefu ya askari. Majeshi ya Uingereza yalipiga kambi kandokando ya mto huu kabla ya kuingia Somalia mwanzoni mwa mwaka 1941, na Waafrika wa King's African Rifles walikuwa miongoni mwao. Baadaye vikosi vya jeshi hilo hilo vilitumwa msituni kuwasaka Mau Mau. Je, mtoto wa askari wa KAR ataketi chini ya jina la Kimathi? Nasema ataweza, endapo daftari litakuwa na ukurasa wake pia. Aliyevaa sare ya mfalme kwa sababu ya njaa, aliyeingia msituni kwa sababu ya shamba, na mwanajeshi wa Kenya aliyeanguka Somalia katika karne hii, wote wana mama waliowalilia. Kuandika jina la mtu si kumtakasa. Ni kukiri kwamba alikuwapo.

Na yule atakayesisitiza kuwa Tana haikutoa kitu katika uhuru, hivyo haina haja ya kuwakumbuka wapiganaji, na aukumbuke wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Kila Mkenya, awe Nyeri ama Kisumu, akisimama wima bendera ikipanda, anaimba kwa sauti ya mto huu. Kama sisi tuliwapa sauti, kuna ubaya gani nao wakatupa jina?

Gharama yenyewe haitishi. Chumba kimoja chenye paa zuri, kabati la chuma lisiloingia mchwa wala maji ya mafuriko, meza, viti, na madaftari. Mbunge wa Garsen, serikali ya kaunti na wahisani wanaweza kusaidia, lakini shilingi ya kwanza itoke mfukoni mwa wenyeji, na ada iandikwe na stakabadhi itolewe. Hivyo ndivyo tawi la Ol Kalou lilivyoendeshwa na kijana mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi mara kadhaa, na ambaye hakuna aliyedhani angekumbukwa.

Waama, wazee hawatungoji. Kila msimu wa mafuriko unapopita, mmoja wao hayupo tena. Wazee wa Garsen na Hola, itisheni kikao. Na atakayechaguliwa kuwa katibu, kabla ya kutafuta fundi wa kibao, akanunue kalamu.